Trekta la marehemu jirani yangu

Najua nimepotea, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimezama kwenye theluji. Sijazama. Nilikuwa na zamu za usiku wiki sita mfululizo, na siku za mapumziko nilikuwa nimelala chali chini ya trekta. Ndiyo, trekta. Leo nawasimulia habari zake, na kwa kuwa mnanijua siwezi kusimulia kitu bila kuuliza kilitoka wapi, mtanivumilia tukirudi nyuma kidogo, mpaka Uingereza ya mwaka 1830. Wenye haraka rukeni huko chini kwenye habari za kabureta.

Chanzo cha yote ni barua. Mwaka juzi nilinunua nyumba, ya kwanza maishani mwangu, katika mji mdogo kaskazini mwa Indiana, mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka South Bend. Nyumba yenyewe ndogo, vyumba viwili na kibanda cha gari, lakini kiwanja kinakaribia ekari nzima. Nilinunua mwezi wa Januari. Theluji imefunika kila kitu, naona weupe tu, nikasema uwanja mzuri huu. Mwezi wa nne theluji ikaondoka na majani yakaanza kuota kama yametumwa. Nikanunua kimashine cha kusukuma, cha bei ya kutupa. Kikafa mwezi wa sita. Nikasema nitamalizana nacho nikipata nafasi, nikaingia zamu za usiku, na nilipoinua kichwa nikakuta bahasha kutoka halmashauri ya mji: majani yako yamezidi inchi 8, una siku 7, la sivyo tutaleta watu wakate na bili tutakutumia wewe.

Niliisoma barua ile mara tatu. Mimi nimekulia Dodoma. Kwetu uwanja wa nyumba unafagiliwa kwa chelewa mpaka udongo unaonyesha mistari, na majani yakikaribia mlango mama anauliza kama tunafuga nyoka. Shuleni kwanja ilikuwa adhabu: umechelewa namba, umeongea kilugha, chukua kwanja kafyeke nyuma ya vyoo. Leo natishiwa faini kwa sababu sijafuga majani kwa adabu inayotakiwa. Ndipo nikaanza kuuliza haya majani yaliwaingiaje Wamarekani mpaka yakawa sheria.

Hayakuanzia Marekani. Uwanja mpana wa majani mafupi yasiyoliwa na mtu wala mnyama ulikuwa fahari ya matajiri wa Uingereza, maana kuufanya uwe hivyo kulihitaji ama kondoo wengi ama watu wengi wenye miundu mirefu. Wakataji walitoka alfajiri majani yakiwa bado na umande, kwa sababu majani makavu yanainama mbele ya mundu badala ya kukatika. Ukiwa na uwanja wa namna hiyo ulikuwa unamwambia kila mpita njia kwamba una ardhi usiyoihitaji kwa chakula na una pesa za kulipa watu waitunze.

Aliyevuruga mambo ni fundi mmoja wa Stroud, huko Gloucestershire, jina lake Edwin Budding. Stroud ulikuwa mji wa viwanda vya sufu, na viwandani mle kulikuwa na mashine yenye visu vilivyopinda kuzunguka pipa, inanyoa manyoya juu ya kitambaa ili kitoke laini. Budding akaitazama akafikiri: kama inanyoa kitambaa, kwa nini isinyoe majani? Hati yake ya uvumbuzi ni ya tarehe 31 Agosti 1830. Mashine ilikuwa ya chuma, nzito, mtu mmoja anasukuma nyuma na mara nyingi mwingine anavuta mbele kwa kamba. Ndani ya hati hiyo aliwaambia mabwana wa mashambani kwamba wakiitumia wenyewe wataona ni mazoezi ya kufurahisha na ya kuleta afya. Mimi ni nesi, mazoezi nayasifu kila siku, lakini nimesukuma kile kimashine changu kwenye jua la mwezi wa sita, na huyo Budding alikuwa anafanya biashara tu. Kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilipata kibali cha kuzitengeneza mwaka 1832. Halafu, kwa taarifa ya mafundi wote mnaonisoma, Budding huyohuyo anatajwa kwamba ndiye aliyebuni spana ya kurekebisha mdomo kwa skrubu. Kwa hiyo spana niliyoishika wiki sita hizi nayo inatoka kichwani mwake.

Baadaye zikaja mashine kubwa za kukokotwa na farasi, na farasi akavalishwa viatu vya ngozi ili kwato zisichimbe uwanja. Farasi kavishwa viatu kwa ajili ya majani! Huku Marekani mwaka 1899 Mmarekani mweusi, John Albert Burr, alipata hati kwa mashine iliyoboreshwa, ambayo magurudumu yake hayakuzibwa upesi na majani yaliyokatwa na iliyoweza kukata karibu na kuta. Nakuombeni mlishike jina hilo, maana tutakapofika mbele mtaona kwamba watu wenye rangi yake walizuiwa hata kuwa na uwanja wa kuitumia.

Sasa turudi kwenye barua. Siku ya tatu ya zile siku saba nilikuwa nje na panga, nafyeka ukingo wa barabara ili nionekane nimeanza. Madereva walikuwa wanapunguza mwendo kunitazama. Bibi jirani akatoka. Ni mjane, ana miaka 86, tulikuwa tukipungiana mikono tu. Akaniambia, "Mwanangu, weka hicho kisu chini uje uone kitu." Akanipeleka kwenye gereji yake, akafunua turubai, na chini yake kulikuwa na kitrekta chekundu, kimejaa vumbi, matairi ya mbele yamelala kabisa, na juu ya kiti kuna boksi la mapambo ya Krismasi. Alisema mumewe alifariki miaka 11 iliyopita na tangu hapo hakuna aliyekigusa. Watoto wako Arizona, hawakitaki. Nikamuuliza bei. Akasema bei ni kuwa nikifanikiwa kukiwasha nimwambie kabla, ili asikie.

Ubavuni, chini ya vumbi, kuna maandishi: Wheel Horse. Kwa Kiingereza cha wasafirishaji wa zamani hilo lilikuwa jina la farasi aliyefungwa karibu kabisa na magurudumu ya gari, nyuma ya wenzake wote, yule anayebeba uzito mkubwa. Na kilitengenezwa hapahapa, South Bend. Baada ya vita kuu ya pili mzee Elmer Pond na mwanawe Cecil walianza kutengeneza vitrekta vya bustani, na mwaka 1946 Cecil akaanzisha kampuni, ambayo baadaye ilikuwa na kiwanda Barabara ya Ireland. Walisifika kwa giaboksi ya chuma cha kutupwa, nzito kama dhambi. Baadaye kampuni ilipita mikononi mwa watengeneza magari wa American Motors mwaka 1974, ikanunuliwa na Toro mwaka 1986, na jina la Wheel Horse likaachwa mwaka 2007. Mume wa bibi alikuwa akiunga giaboksi pale kiwandani. Bibi anasema huenda hili la kwangu alilifunga yeye mwenyewe.

Jioni hiyo nikampigia baba kwa video. Kwetu ilikuwa imeshafika alfajiri.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Mbona saa hizi, kuna usalama?"

Nikamgeuzia simu aone trekta. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Usiwashe. Usiguse hata ufunguo."

Lazima niwaeleze baba yangu ni nani kwenye mambo haya. Ana gereji ndogo, na ufundi aliupata kwa babu, na babu aliupata Kongwa. Waliosoma historia mnaujua Mpango wa Karanga. Waingereza, njaa ya mafuta ya kupikia imewabana baada ya vita, wakaamua kulima karanga Tanganyika kwenye zaidi ya ekari milioni 3. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Matrekta mapya hayakupatikana, kwa hiyo wakakusanya mabaki ya vita, mengine yametelekezwa na jeshi la Marekani huko Ufilipino, yamechoka kabla hayajafika. Wakageuza mpaka vifaru vya Sherman kuwa matrekta. Ardhi ya Kongwa mvua ikikatika inakuwa ngumu kama saruji, mibuyu haing'oki, vipuri hakuna, na wengi waliopewa mashine hawakuwa wamewahi kuziona. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni zaidi ya milioni 30 zimekwenda na karanga za maana hazikuonekana. Vitabu vinaishia hapo. Lakini vijana kama babu, waliokuwa wakishika taa na kupitisha spana chini ya yale matrekta mabovu, walitoka pale na kitu. Babu alikuwa akisema alijifunza ufundi vizuri kwa sababu hakuna kilichokuwa kizima. Kanuni aliyomwachia baba ni hii: mashine iliyolala muda mrefu usiiamshe kwa nguvu.

"Kwanza ujue kama injini inazunguka," baba akasema. "Ukipiga stata na pistoni imeshikwa na kutu, unavunja kitu ambacho kilikuwa kinapona."

Nikacheka, maana ndivyo tunavyofundishwa na sisi. Humpi mgonjwa dawa hujampima. Nikafungua plagi, nikamimina vijiko viwili vya oili kwenye tundu lake, nikaacha usiku kucha. Asubuhi nimetoka zamu, bado nimevaa nguo za kazi, nikashika gurudumu la injini kwa mikono miwili nikasukuma taratibu. Likagoma. Nikasukuma tena. Likasogea upana wa kidole, likatoa mlio kama mtu anayekohoa, halafu likazunguka. Nilikaa chini pale sakafuni nikafurahi peke yangu.

Injini ni Kohler ya silinda moja, nguvu za farasi 8, ya chuma cha kutupwa. Kohler ni ileile ya Wisconsin ambayo mmeona jina lake kwenye masinki na mabafu ya hotelini. Injini hizi zinapozwa kwa hewa. Hakuna maji, hakuna rejeta, kuna mapezi ya chuma tu kuzunguka silinda na feni inayopuliza. Baba akaniambia nifungue lile bati la juu kabla ya kitu kingine chochote. Nikafungua. Panya walikuwa wamejenga mji mzima: majani makavu, sufi ya kiti, vipande vya kitambaa, mbegu, vimeshindiliwa katikati ya mapezi mpaka hakuna pa kupita pumzi. Kama ningewasha vile, ingechemka ikajifia ndani ya robo saa. Ninyi mnaofufua mashine za zamani, hili ndilo la kushika kuliko yote. Nilitoa ndoo nzima.

Petroli ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya rangi na inanuka kama vanishi. Hapa pia kuna historia. Tangu sheria ya nishati ya mwaka 2005, petroli nyingi ya Marekani inauzwa ikiwa na ethanoli ya mahindi, kwa kawaida asilimia 10. Ethanoli inapenda maji, inayavuta hata kutoka hewani. Ikikaa miezi kwenye tangi, maji yanajikusanya chini na kuanza kula chuma, mafuta yenyewe yanaacha utomvu, na mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa ethanoli inalainika na kupasuka. Injini ya miaka ya 1970 haikujua habari hizo. Nikakausha tangi, nikabadilisha mpira wote wa mafuta na filta, nikafungua kabureta juu ya sinia la jikoni ili nisipoteze kitu. Vile vitundu vidogo vya kupitisha mafuta vilikuwa vimezibwa na utomvu wa kijani. Nilivisafisha kwa uzi mwembamba wa shaba na dawa ya kupuliza, huku simu imeegemezwa kwenye kopo na baba ananiambia, "Polepole mama, usikitanue, ukikitanua itakunywa mafuta kama mlevi."

Wakati nasubiri gasketi iletwe na posta, nikarudi kwenye majani yangu na sheria yake.

Majani yalikuwa ya tajiri mpaka mambo mawili yalipokutana. La kwanza ni injini ndogo na nyepesi. Mashine za injini zilikuwapo tangu mwanzo wa karne, Ransomes walikuwa nazo mwaka 1902, lakini zilikuwa nzito na ghali. Kisu kinachozunguka kama feni, tofauti na lile pipa la Budding, kilianza kuuzwa miaka ya 1930, na baada ya vita kikapata injini ya kukifaa. Briggs & Stratton ya Milwaukee ilitoa injini ya alumini mwaka 1953, na kuanzia hapo fundi wa kiwandani naye aliweza kumiliki. Mwaka 1963 John Deere nao wakatoa trekta lao dogo la kwanza la nyumbani, lile wanaloliita 110. Kisha ni nyumba zenyewe. Huko New York, kati ya mwaka 1947 na 1951, kampuni ya Levitt ilijenga nyumba zaidi ya 17,000 kwenye mashamba ya viazi, moja baada ya nyingine kama matofali, kila moja na uwanja wake wa majani mbele. Askari waliotoka vitani walizipata kwa masharti nafuu. Na masharti ya kuishi pale yalikuwa na mambo mawili ninayotaka muyaone pamoja. Moja lilisema majani yakatwe angalau mara moja kwa wiki msimu wote wa joto. Jingine lilisema nyumba isikaliwe na mtu asiye mweupe, isipokuwa mtumishi wa ndani.

Nilipoyasoma hayo nikakumbuka bunda la karatasi nililopewa siku ya kununua nyumba. Siku ile nilisaini mpaka mkono ukauma, nani anasoma? Usiku mmoja nikalitoa. Ukurasa wa nakala ya zamani, mwaka 1941 wakati mtaa huu unapimwa viwanja, masharti yamepangwa kwa namba. Nyumba isiwe karibu na barabara kuliko futi kadhaa. Kuku wasifugwe. Majani na magugu yadhibitiwe. Na linalofuata: mtu yeyote asiye wa asili nyeupe asimiliki wala asikae kwenye kiwanja hiki, isipokuwa watumishi. Namba ya kiwanja ni yangu. Nilikuwa nakunywa chai, ikapoa.

Kisheria sharti hilo ni maiti. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1948, kwenye kesi ya Shelley na Kraemer, kwamba mahakama haziwezi kutumika kulitekeleza, na sheria ya makazi ya mwaka 1968 ikapiga marufuku ubaguzi wenyewe. Lakini kati ya miaka hiyo miwili ilitosha muuzaji kusema hauzi na benki kusema haikopeshi. South Bend ilikuwa na kiwanda kikubwa cha Studebaker, waliotengeneza magari ya farasi tangu 1852 na baadaye magari ya injini, na weusi wengi waliotoka kusini walifanya kazi humo. Mshahara walikuwa nao, pa kununua nyumba hawakuwa napo. Mwaka 1950 kundi la wafanyakazi hao lilijiunga kimya kimya, wakajiita Better Homes of South Bend, wakasaidiwa na mwanasheria J. Chester Allen, wakajenga nyumba 22 Mtaa wa North Elmer. Walikuwa wakikutana kwa tahadhari wasijulikane mapema, maana ikijulikana ingezuiwa. Watu wazima wenye kazi na michango yao mfukoni, wanakutana kwa siri kama wezi ili wapate uwanja wa kukata majani. Nimepita mtaa ule kwa gari. Majani yamekatwa vizuri sana.

Nilifikiri siku mbili kama nimwonyeshe bibi ile karatasi. Ananipa trekta la mumewe, naanzaje? Lakini nikaona nikinyamaza nitakuwa namtazama kwa jicho jingine na yeye hajui. Nikaenda nayo. Akavaa miwani, akasoma polepole, akaiweka mezani.

"Tulinunua hapa mwaka 1966," akasema. "Tulisaini bila kusoma."

Nikasema hata mimi nilisaini bila kusoma. Akatikisa kichwa.

"Hapana. Wewe hukusoma kwa sababu zilikuwa nyingi. Sisi hatukusoma kwa sababu tulikuwa tunajua."

Akaniambia kiwandani mumewe alikuwa na rafiki mweusi, wakila chakula cha mchana pamoja miaka mingi, na hakuna siku yule bwana alifika kwenye mtaa huu. Hakulia, wala hakuomba radhi. Alikunja karatasi akanirudishia, akaniuliza kama gasketi imefika.

Ilikuwa imefika. Nikafunga kabureta, nikaweka betri mpya, nikageuza ufunguo. Injini inazunguka, haishiki. Baba akasema nitoe plagi, niishikize kwenye chuma nitazame cheche. Hakuna. Injini hizi za zamani hazina elektroniki. Kuna vidomo viwili vidogo vya chuma vinavyofunguka na kufunga kila mzunguko, na vinapofunguka ndipo koili inatema umeme kwenda kwenye plagi. Vikikaa bila kazi vinaota ukungu wa kutu na umeme haupiti. Nikavisugua kwa msasa laini, nikapima mwanya, nusu milimita tu. Nikajaribu tena. Cheche ya bluu, tap, tap, tap. Baba upande wa pili akapiga makofi mpaka mama akaja kuuliza kuna nini.

Kabla ya kuwasha kulikuwa na jambo moja lililonikera. Chini ya kiti nilikuta waya mbili zimesokotwa pamoja na kufungwa kwa plasta. Mtu alikuwa ameruka swichi za usalama, ile ya pedali ya klachi na ile ya visu, ili trekta liwake vyovyote vile. Nadhani ni marehemu mwenyewe, na simlaumu, swichi hizo zikizeeka zinasumbua. Lakini nimefanya kazi chumba cha dharura na nimeshaona mguu uliopita chini ya mashine ya majani. Ncha ya kisu inakimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa, na jiwe likirushwa nayo linakwenda kama risasi. Kwa mashine za kusukuma, sheria ya mwaka 1982 inataka kisu kisimame ndani ya sekunde 3 ukiachia mpini. Matrekta ya siku hizi yanakata injini ukinyanyuka kitini, hili langu halina swichi ya kiti. Nikanunua swichi mbili mpya, nikarudisha waya mahali pake, na nimejiwekea sharti kwamba sishuki injini ikiwa inaunguruma, na mtoto yeyote akiwa nje sikati, hata akiwa mbali. Wenye watoto wadogo mnaowapakata mkiwa mnakata majani, tafadhali acheni. Sisi ndio tunaowapokea.

Halmashauri, kwa njia, walinipa nyongeza ya siku 10 nilipowapigia simu. Nikamlipa kijana akakata mara moja, huku moyo unauma kwa zile dola 80.

Siku ya kuwasha ilikuwa Jumapili. Nilimsukuma trekta mpaka nje, maana moshi wa injini ndani ya gereji iliyofungwa unaua bila harufu ya kutosha kukuonya. Bibi akatoka na kiti chake, akakaa kivulini, mikono magotini. Nikamweka baba kwenye simu, nikaiegemeza dirishani. Nikavuta choki, nikageuza ufunguo. Ikakohoa. Mara ya pili ikakohoa ikatema moshi mweupe, ile oili niliyomimina. Mara ya tatu ikashika, puk puk puk, sauti nzito ya silinda moja, moshi ukafunika uwanja mzima kisha ukaanza kupungua, na mlio ukatulia. Baba anapiga kelele kwenye simu, "Punguza choki! Punguza choki mama!" Nikapunguza.

Nikamtazama bibi. Alikuwa amefumba macho, anasikiliza.

Kwenye kisanduku chini ya kiti nilikuta daftari dogo la marehemu, limeandikwa kwa penseli, kila tarehe aliyobadilisha oili, mwaka baada ya mwaka, mistari imenyooka kama chati ya wodini. Nikaandika tarehe ya siku ile chini ya ya mwisho, nikaruka mstari mmoja kwa ajili ya ile miaka 11. Daftari nilimpelekea bibi, akasema likae na trekta.

Nikapanda, nikaweka gia ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Ya tatu ikakataa. Nikasukuma, ikakwaruza, nikasimama katikati ya majani nikidhani giaboksi imekufa. Bibi akapaza sauti kutoka kivulini, na ana sauti kubwa kuliko nilivyofikiri.

"Hiyo ya tatu huwa inagoma. Isukume kushoto kwanza!"

Nikaisukuma kushoto. Ikaingia.